Mzee Mahaba Alikuwa Amelala Tu

Mliokuwa nami Jumamosi iliyopita mnakumbuka niliwaachia wapi: nimesimama mbele ya meza ya Bosi, jasho linanitoka kwapani, naye amenitupia swali ambalo sijawahi kuulizwa tangu nizaliwe.

"Wewe unaweza kuchangamka?"

Kwa wageni, nijieleze haraka. Mimi ni msomaji wa matangazo ya vifo redioni. Mji mzima unaijua sauti yangu na hakuna anayetaka kuisikia. Nikibisha hodi kwa jirani, watu wa ndani wanaanza kushikana mikono. Bwana mmoja aliyetaka kunioa aliniomba nisimtaje jina kwenye simu, eti moyo unamsimama. Tuliachana kwa ujumbe wa maandishi, na hata huo aliusoma akiwa amekaa.

Sasa, mtangazaji wetu wa asubuhi alikuwa amehamia redio jirani bila hata kuaga. Bosi alitazama chumba kizima, akakosa mtu, akaniangukia mimi.

"Naweza," nikamjibu.

"Nakupa wiki moja. Mahojiano, uhakiki, simu za wasikilizaji, vicheko. Ijumaa kipindi kikiisha nakwambia kama kiti ni chako. Ukinivuruga, unarudi kwa marehemu wako."

"Na vifo atasoma nani?"

"Goli."

Goli ndiye mtangazaji wetu wa mpira. Nilifungua mdomo niseme neno, nikaufunga. Nilikitaka kiti kile, jamani. Sikutaka cheo wala picha ukutani. Nilitaka tu, angalau mara moja, mtu aisikie sauti yangu halafu atabasamu.

Basi ikaja Jumatatu.

Niliingia studio na blauzi ya njano aliyoninunulia mama makusudi. Fundi Mitambo, bwana mwenye kitambi na upole, aliyenizoea tangu enzi za vifo, akaniinulia kidole gumba nyuma ya kioo. Taa nyekundu ikawaka.

"Habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa," nikasema.

Simu zote zikalia kwa mpigo.

"Nani?" akauliza wa kwanza.

"Nani nini, kaka?"

"Nani ametutoka? Sema tu dada, mimi nimeshakaa chini."

"Hakuna aliyetutoka. Hiki ni kipindi cha asubuhi."

"Mungu wangu! Na kipindi nacho kimekufa?"

Simu ya pili ilikuwa ya mama yangu mzazi, aliyeninunulia blauzi.

"Mwanangu, ni mjomba wako?"

"Mama, mjomba si amelala hapo kwako?"

"Ngoja nikamtazame."

Hakukata simu. Mji mzima ukamsikia mjomba akitikiswa, akifoka, akiuliza nyumba hii ina wazimu gani. Mama akarudi akihema. "Yupo mzima," akasema. "Ana matusi ya kutosha."

Mgeni wetu wa kwanza alikuwa mchekeshaji, kijana anayejaza kumbi. Nikamkaribisha vizuri tu, kwa nia njema. Lakini ulimi wangu una njia yake uliyozoea, ukishika mwendo haunisikilizi.

"Mgeni wetu ni mchekeshaji maarufu," nikasema, "mtoto wa tatu wa kinyozi wa karibu na stendi, baba wa mapacha, shemeji wa mwalimu mkuu, na mjukuu kipenzi wa bibi yake..."

Nilipofika kwa bibi, nikamwona mdomo unamtetemeka. Hakusema kichekesho hata kimoja. Alimlilia bibi yake kipindi kizima, mimi nikimpa pole, Fundi Mitambo akitafuta wimbo wa haraka na kuukosa.

Bosi alinisubiri kwenye korido. "Umeleta mchekeshaji," akasema, "ukanirudishia yatima."

Jumanne kulikuwa na uhakiki wa filamu. Nilijiambia, leo hakuna wa kumtajia ndugu zake, filamu haina shangazi. Nikasoma nilichoandika, kwa kujiamini.

"Filamu hii ya mapenzi ilianza vizuri, lakini ilifikia mwisho wake ghafla, baada ya kuugua kwa muda mfupi."

Fundi Mitambo alilaza paji la uso juu ya mashine yake.

"Imeacha waigizaji sita," nikamalizia, maana sentensi ikishaanza lazima ifike mahali, "na mtayarishaji mmoja."

Mwenye ukumbi wa sinema alipiga simu kabla sijavua vipokea sauti masikioni. Alinitukana kwa utaratibu, kuanzia nywele kushuka chini. Nilikwenda msalani nikalia, nikanawa uso, nikajiambia yamekwisha.

Mchana akapiga tena. Sauti imebadilika, imekuwa ya asali.

"Dada, ukumbi umejaa. Wengine wamesimama. Wamevaa nguo nyeusi, wanasema wamekuja kuiaga."

"Kwa hiyo nimekusamehe au umenisamehe?"

"Wiki ijayo nina filamu nyingine. Iue na hiyo."

Nikamkimbilia Bosi na habari njema. Yeye hakuinua macho. "Ukumbi wake umejaa," akasema. "Wangu je?"

Wakati huo huo, kutoka chumba cha matangazo, nikamsikia Goli akisoma vifo. Alianza taratibu, kisha damu ikampanda. "Alilazwa Ijumaa... akapambana... akapambana tena... na jamaniiii, ametutoka!" Nilisimama pale koridoni na kikombe changu cha chai kikapoa. Nilimwonea huruma marehemu, na nilijionea aibu mimi mwenyewe, kwa sababu niliondoka bila kusema kitu. Kiti kile kilinifunga mdomo.

Jumatano Fundi Mitambo alinifundisha kucheka. Alinibanisha kalamu kati ya meno, akaniambia nisome taarifa ya hali ya hewa. Mate yalinitoka, mvua ikasikika kama inanyesha kweli. Akasema kuna maendeleo.

"Lakini kesho ndiyo mtihani," akaniambia. "Kesho ni Mzee Mahaba."

Hakuna asiyemjua Mzee Mahaba. Amewaimbia wazazi wetu wakati wanachumbiana, amewaimbia tena wakati wanagombana. Redio zote zinamtaka, naye haitaki hata moja, kwa sababu moja tu: haamki asubuhi. Tangu enzi za bendi yake analala jua likichomoza na kuamka watu wakirudi kazini.

Na Bosi ana sheria yake, ameiandika ukutani kwa herufi kubwa: HAPA KILA KITU NI MUBASHARA.

"Tumfuate kwake leo," nikasema. "Tumrekodi majibu. Kesho mimi nauliza maswali studio, wewe unabonyeza majibu yake. Nani atajua?"

Fundi Mitambo alitazama ukuta, akanitazama mimi. "Bosi akijua tumekwisha."

"Bosi akimkosa Mzee Mahaba, mimi nimekwisha peke yangu."

Akachukua begi lake la vifaa. Ndiyo maana nampenda, ingawa sijamwambia.

Mzee Mahaba alitupokea akiwa amevaa msuli na fulana, paka mapajani. Nikampa shikamoo, akaipokea kwa wimbo. Alijibu kila kitu, akacheka, akasimulia mapenzi ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Swali moja tu lilimkunjisha uso. Nilimuuliza kuhusu Vidole, mpiga gitaa wake wa zamani, maana wawili hawa waliachana kwa ugomvi wakiwa kileleni mwa umaarufu.

"Yule?" akasema. "Yule anasema ule wimbo wetu mkubwa aliutunga yeye. Uongo! Niliutunga mimi, jikoni kwa mama yangu. Hatujasalimiana tangu hapo. Na tusisalimiane."

Paka akashuka mapajani akaondoka zake. Tukaaga.

Alhamisi taa nyekundu ikawaka, na mimi nilikuwa nimejaa furaha, kwa mara ya kwanza wiki ile. Mahojiano nilikuwa nayo mkononi, yenye vicheko ndani yake. Ningeharibu kitu gani?

"Wasikilizaji wapendwa," nikaanza. "Leo tunaye Mzee Mahaba. Mwimbaji wetu mpendwa. Mume wa Mama Mahaba, kaka wa fundi cherehani wa mtaa wa sokoni, mjomba wa wauza viatu wa pale darajani, babu wa wajukuu wengi..."

Nikamwona Fundi Mitambo ananipungia mikono yote miwili. Nilidhani ananishangilia.

"Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo," nikasema.

Kisha Fundi Mitambo, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akabonyeza. Sauti ya Mzee Mahaba ikatoka, nzito, tamu, ya mtu aliyetulia. "Mimi nimewaimbia sana, wanangu. Nawapenda wote."

Nje ya studio, mtu alipiga yowe. Alikuwa mfagizi wetu. Amekaa chini koridoni, ameshika kichwa, ufagio umelala kando yake.

Simu zikaanza. Wa kwanza alilia tu. Wa pili alilia na kuuliza mazishi ni lini. Wa tatu alisema yuko njiani anakwenda msibani na amebeba viti.

"Hakufa!" nikasema. "Yupo hapa! Tunazungumza naye! Mzee, wasalimie!"

Fundi Mitambo akabonyeza jibu lililokuwa karibu. Mzee Mahaba akacheka kicheko kirefu, na mlio wa paka nyuma yake. Katikati ya kicheko, simu nyingine ikaingia hewani.

"Haloo! Haloo redio! Nani huyo anayecheka kwa sauti yangu?"

"Mzee... wewe uko wapi?"

"Niko chumbani kwangu nimelala! Nimeamshwa na vilio! Nje kuna turubai, kuna mwanamke amekumbatia mlango wangu, na fundi cherehani mdogo wangu anampima mtu nguo nyeusi! Nani amekufa hapa?"

Mlango wa studio ukafunguka. Bosi. Alitazama kiti cha mgeni, kitupu. Akamsikiliza Mzee Mahaba akicheka kwenye spika ya kulia na kufoka kwenye ya kushoto.

"Wako wangapi?" akauliza polepole.

Kwenye simu ya Mzee Mahaba kelele ziliongezeka, kisha sauti ya mwanamume ikapasua zote, sauti ya mtu mzima anayelia bila aibu.

"Ndugu yangu! Umeniacha na nani? Ule wimbo ulikuwa wako! Wako wote! Jikoni kwa mama yako uliutunga, mimi nikauongezea gitaa tu! Nilikuonea wivu, ndugu yangu! Amka hata kidogo nikuombe radhi!"

Fundi Mitambo akaipandisha sauti ya simu.

"Dada," Mzee Mahaba akaninong'oneza kwenye simu. "Huyo ni Vidole. Mmesikia alichosema?"

"Tumesikia, mzee. Kila mtu amesikia."

"Inarekodiwa hiyo?"

"Iko mubashara, mzee."

"Ngoja." Tukasikia kitasa kinazungushwa. Tukasikia mlango. Tukasikia mayowe ya watu wanaotimua mbio, viti vinaanguka, kisha sauti ya Mzee Mahaba, bila simu, kwa mbali: "Rudia, Vidole. Rudia hapo kwenye gitaa tu."

"Wewe! U hai?"

"Nimelala tu, mjinga wewe!"

Ikasikika ndara ikitua mgongoni mwa mtu. Halafu wakaanza kucheka wote wawili, halafu wakaanza kulia, na simu ikakatika. Nami nilikuwa nalia. Fundi Mitambo alikuwa analia. Mfagizi alikuwa ameingia hadi ndani ya studio, analia na kucheka kwa zamu.

Bosi peke yake hakulia. Alisubiri taa izimwe.

"Umenidanganya," akasema. "Umerekodi. Umevunja kitu pekee ninachojivunia."

"Ndiyo, Bosi."

"Na umemuua mtu kwenye kipindi cha vicheko."

"Ndiyo, Bosi. Lakini amefufuka."

Nilikuwa nimeshaanza kukunja waya wa vipokea sauti vyangu, tayari kurudi kwa marehemu. Simu yake ikalia. Wadhamini wa kipindi, watu wa sabuni. Bosi alisikiliza muda mrefu, uso wake ukibadilika mara tatu, akasema "naam" nyingi.

"Wamefurahi," akaniambia, kama mtu anayetema mbegu. "Wanawataka wazee wote wawili kesho. Hapa, kwenye viti, mubashara ya kweli. Sasa nisikilize vizuri. Kesho sitaki msiba. Sitaki pole. Sitaki kusikia mtu amefariki, hata kuku. Ukipita salama, kiti ni chako. Likitoka neno moja la kifo kwenye kipindi changu, kiti kimekwenda, na huko kwenye vifo pia nitamwachia Goli moja kwa moja."

Usingizi haukuja vizuri, lakini Ijumaa ilikuja.

Na walikuja! Mzee Mahaba alikuwa hajalala kabisa, maana angelala asingeamka. Vidole alikuja na gitaa na plasta mgongoni, mahali ilipotua ndara. Waligombana hewani nani alikuwa na sura nzuri zaidi ujanani. Waliuimba ule wimbo, wakausahau ubeti wa pili, wakalaumiana, wakaucheka.

Na mimi nilicheka. Sikubana kalamu, sikukumbuka somo lolote. Kicheko kilitoka chenyewe, kikubwa, kibaya, kikaniumiza mbavu. Mama akapiga simu kusema mjomba amecheka pia, kwa hiari yake.

Nyuma ya kioo, Bosi alikuwa amesimama karibu na Fundi Mitambo. Alinionyesha kiti kwa kidole. Akanionyesha mimi. Akainua kidole gumba. Nikaelewa. Ilikuwa imebaki simu moja na tangazo la sabuni.

"Simu ya mwisho," nikasema, bado nafuta machozi ya kicheko. "Karibu, msikilizaji. Umeamkaje?"

"Dada." Sauti ya mwanamke, ya chini. "Ni wewe yule wa matangazo?"

"Nilikuwa. Sasa niko huku kwenye vicheko."

"Mama yangu amefariki alfajiri."

Vidole akalaza kiganja juu ya nyuzi za gitaa. Bosi alipitisha mkono shingoni mwake, kata, kata. Kidole cha Fundi Mitambo kilikuwa juu ya kitufe, macho yake kwangu.

"Usinikatie, dada," mwanamke akasema. "Najua mko kwenye furaha, mnisamehe. Nimepiga huko kwenye matangazo, nimeambiwa anasoma yule wa mpira. Nilimsikia alivyomsoma jirani yetu. Siwezi, dada. Baba yangu ulimsoma wewe. Kaka yangu ulimsoma wewe. Ulipotaja jina la baba ulinyamaza kidogo, na sisi nyumbani tukanyamaza na wewe. Ndugu zangu wametawanyika, kila mtu na mji wake, lakini redio hii wote wanaisikiliza. Nani atanisomea mama?"

Miaka yote nilidhani watu wanaiogopa sauti yangu, na ni kweli wanaiogopa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ziko nyumba zinazoingoja. Nilifurahi, nikaumia, na nikamkasirikia Goli, na nikajikasirikia mimi niliyempisha.

Bosi alikuwa anagonga kioo kwa pete. Midomo yake ilisema sabuni, sabuni. Kisha akanionyesha kiti tena, na baada ya kiti akanionyesha mlango wa kutokea.

Fundi Mitambo aliondoa kidole kwenye kitufe, akatia mikono yote mifukoni.

"Dada, upo?"

Nikavuta kipaza sauti karibu.

"Nipo, mdogo wangu," nikasema, kwa sauti yangu ile ile. "Pole sana. Nitajie jina la mama. Halafu unitajie watoto wake wote, mmoja mmoja. Usiharakishe."

Mwanamke akavuta pumzi, akaanza kuwataja, nami nikawarudia nyuma yake, jina kwa jina. Tulipofika kwa mtoto wa tatu, mlango wa studio ukafunguliwa. Yaliyofuata nitawaambia Jumamosi ijayo.